Giza Lenye Mwenyewe: Barakoa za Nuru na Kuta za Mikindani

Kiswahili kina maneno mawili mahali ambapo lugha nyingi za Ulaya hutosheka na moja. Kuna barakoa, na kuna kinyago. Neno barakoa limekuja kwa njia ya Kiarabu, nalo hukumbusha mabibi wa majumba ya kifalme ya Unguja katika karne ya 19, waliofunika uso na kuacha macho. Na tangu mwaka 2020, yalipoingia maradhi ya korona, limezoeleka hata vinywani mwa watoto. Kinyago kina asili ya ndani zaidi. Sikio la mshairi halikosi kuusikia unyago ndani yake, na pamoja na unyago huo ngoma, mafunzo, na uso wa mti unaotokeza mbele ya watu kwa siku zake maalumu kisha ukarejea ulikotoka. Barakoa hufunika ili kilichopo kisionekane. Kinyago hufunika ili kionekane kile ambacho, pasipo kufunikwa, kisingeonekana kamwe.

Tofauti hiyo yaweza kudhaniwa kuwa ni mchezo wa maneno. Lakini ndani yake umo mzani wa kupimia sanaa moja ngeni ambayo imekwisha kuenea katika miji mingi ya dunia, na ambayo haitachelewa kubisha hodi katika kuta za kale za pwani ya kusini: sanaa ya kurusha picha za nuru juu ya majengo wakati wa usiku, zikatwe na kupindwa hata zilingane na umbo la jengo lenyewe. Huku pwani sanaa hiyo haijapata jina lililotulia. Katika makala haya itaitwa uvishaji wa nuru. Hoja itakayojengwa ni kwamba thamani ya sanaa hiyo haikai katika picha zinazong'aa. Inakaa katika sehemu nyeusi, katika kile ambacho msanii amekikatalia nuru. Na kwamba walimu wa karibu zaidi wa somo hilo ni wachonga vinyago wa nchi ya Ruvuma.

Ni vyema kwanza kazi yenyewe ielezwe, kwa kuwa uhakiki usiojua mkono wa fundi huishia kusifu au kulaani hewa.

Watu wa pwani si wageni wa picha za usiku. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza mwaka 1998, limeonyesha filamu kwa miaka mingi ndani ya Ngome Kongwe ya Unguja. Lakini huko kuta za ngome zilikuwa jirani tu wa filamu. Picha ilikuwa na kiwambo chake. Katika uvishaji wa nuru kiwambo ni jengo. Dirisha moja laweza kuwaka pekee, nguzo ikaonekana kupandwa na maji, mlango ukaonekana kufunguka ilhali komeo lake halijaguswa. Ili hayo yatokee, projekta lazima iambiwe mahali jengo linapoanzia na linapokomea, mahali penye ukuta na mahali penye uwazi. Kinachoiambia hayo ndicho barakoa.

Barakoa ya nuru ni picha ya rangi mbili, nyeupe na nyeusi. Fundi huweka projekta mahali pake, huikaza isitikisike, kisha huunganisha kompyuta na kuifanya projekta kuwa kiwambo cha pili. Hufungua programu ya kuchorea, akaanza kuvuta mistari: ukingo wa paa, pembe za dirisha, upinde wa mlango. Anapochora mezani, mstari huonekana papo hapo juu ya ukuta, hata ni kama kalamu yenye urefu wa mita 20. Wengine hupiga picha ya jengo kutoka pale pale ilipo lenzi, wakachora juu ya picha hiyo. Penye ukuta wa kuvishwa hujazwa weupe, penginepo weusi. Kisha barakoa hulazwa juu ya filamu, na kompyuta hufanya hesabu ambayo hata mtoto wa madrasa angeielewa: nyeupe ni moja, nyeusi ni sufuri. Chochote kikizidishwa kwa moja hubaki kilivyo. Kikizidishwa kwa sufuri hupotea.

Hesabu ni nyepesi, kazi ni nzito. Projekta yenye nukta 1920 kwa upana, ikitandaza picha yake juu ya ukuta wa mita 10, hufanya kila nukta kuwa na upana wa milimita 5 hivi. Basi ukingo unaweza kufuatwa hadi unene wa kidole. Lakini projekta hiyo hiyo, ikiwa mita 20 kutoka ukutani, ikageuka kwa digrii moja tu kwa sababu mtu ameigusa mguu, picha yote itasogea kwa sentimita 35, na dirisha lililochorwa kwa usiku mzima litaangukia ukutani kama kilemba kilichovaliwa begani. Tena projekta haijui kurusha weusi. Weusi wake ni mwanga uliofifia, rangi ya majivu. Katika usiku usio na mbalamwezi mstatili wa majivu huonekana ukilizunguka jengo, ukitangaza kuwapo kwa mashine. Kwa hiyo mafundi waangalifu huongeza barakoa ya pili isiyo ya kompyuta: kipande cha bati au cha karatasi nene, kilichokatwa kwa mkono na kuwekwa mbele ya lenzi. Hapo ndipo giza huwa giza kweli.

Msomaji wa mashairi hatahitaji kushawishiwa sana kuhusu thamani ya kujinyima huko. Mshororo wa shairi una mizani 16, 8 za ukwapi na 8 za utao, na mizani ya 17 haina kwao hata ikiwa imebeba neno zuri kuliko yote. Kinachokatazwa ndicho kinachompa mshairi nguvu ya kusema kinachoruhusiwa. Shairi lililokiuka mpaka wake huitwa guni, na watu wa pwani hawakuhitaji chuo kuligundua, sikio lilitosha. Basi iko pia nuru guni. Ni ile inayovuja nje ya ukingo wa jengo, ikapaka mti wa jirani, ikaingia chumbani kwa mtu aliyelala, ikapita juu ya dari na kutawanyika mbinguni bila kazi. Mtazamaji huenda asijue ni kipi kilichoharibika, ila hujua kwamba uchawi haukushika.

Lakini iko nuru guni mbaya zaidi kuliko ile inayovuja. Ni ile iliyokatwa kwa ustadi hadi kwenye ukingo, ikalifunika jengo lote bila kulisikiliza. Kuta za miaka mia moja na zaidi hufanywa kitambaa: maua yakachanua juu yake, nyota zikanyesha, wanyama wa mbugani wakakimbia kutoka pembe hii hadi ile, kisha makofi, kisha giza. Kazi ya namna hiyo yaweza kuonyeshwa leo juu ya kanisa, kesho juu ya benki, wala kisipungue kitu. Barakoa yake imechorwa kwa rula, haikuchorwa kwa fikra. Ili kuona barakoa iliyofikiriwa inafananaje, yafaa zitazamwe kazi nne zilizofanywa mbali na pwani, kisha njia irudi Ruvuma.

Ya kwanza ni ya Krzysztof Wodiczko, msanii mzaliwa wa Poland. Mwaka 1985 alipewa nafasi ya kurusha picha juu ya nguzo ya Nelson katika uwanja wa Trafalgar, London. Akiwa hapo, aligeuza projekta moja upande wa ubalozi wa Afrika Kusini, wakati huo ubalozi wa serikali ya ubaguzi wa rangi, akaweka alama ya swastika katika pembetatu iliyo juu ya nguzo za mbele. Picha ilidumu takriban saa mbili kabla ya polisi kuikomesha. Yatazamwe yale ambayo hakuyavisha. Jengo zima liliachwa kama lilivyo, na alama ikawekwa mahali pamoja, pale ambapo wajenzi wa majengo ya aina hiyo huweka nembo ya utukufu. Jengo lilikuwa limevaa barakoa ya ustaarabu mchana kutwa. Nuru ndogo iliivua. Lau angelifunika lote kwa alama hizo, watu wangeona tusi. Kwa kuwa aliligusa mahali pake, waliona maana.

Ya pili ni ya Amiens, Ufaransa. Mafundi waliokuwa wakisafisha uso wa magharibi wa kanisa kuu la mji huo katika miaka ya 1990 walikuta mabaki ya rangi juu ya sanamu za mawe za karne ya 13. Ikabainika kwamba watakatifu waliodhaniwa kuwa weupe daima walikuwa na majoho mekundu na ya samawati. Kuwapaka upya kungekuwa kuliharibu jiwe. Basi rangi zikarudishwa kwa nuru, nyakati za usiku, kila sanamu na barakoa yake, kila pindo la joho na ukingo wake. Katika kanisa la Sant Climent, kijiji cha Taüll huko Catalonia, mambo yalikwenda mbali zaidi. Michoro ya ukutani ya mwaka 1123 ilibanduliwa mapema katika karne ya 20 na kupelekwa Barcelona. Tangu mwaka 2013 imekuwa ikirushwa kwa nuru mahali pale pale ilipobanduliwa, mstari baada ya mstari, kana kwamba mchoraji wa karne ya 12 angali juu ya jukwaa lake. Nuru hapo haidai kuwa ndiyo mchoro. Inasema: hapa palikuwa na kitu, kikaondolewa, na jeraha lake lina umbo hili.

Ya tatu ndiyo yenye somo kubwa kwa udogo wake. Michoro ambayo Mark Rothko aliwachorea Chuo Kikuu cha Harvard katika miaka ya 1960 ilipauka kwa jua hata ikafichwa ghalani kwa miaka mingi. Mwaka 2014 ilitundikwa tena katika makumbusho ya chuo hicho, na projekta ikairushia nuru iliyopimwa nukta kwa nukta, ikiongeza pale tu rangi ilipopotea na kiasi kile tu kilichopotea. Watu waliona wekundu wa zamani. Lakini kila siku, saa kumi jioni, projekta ilizimwa mbele ya wageni, na michoro ikaonekana katika upaukaji wake. Wengi walikuja saa hiyo makusudi. Walitaka kuona kuzimwa. Msanii wa nuru asiyethubutu kuzima mbele ya watu hana imani na ukuta wake.

Ya nne inarudisha njia nyumbani. William Kentridge wa Afrika Kusini alionyesha mara ya kwanza mjini London, mwezi Julai mwaka 2018, mchezo wa muziki na picha uitwao The Head and the Load, kuhusu Waafrika waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Kichwa chake kimetokana na methali ya Ghana juu ya kichwa, mzigo na taabu ya shingo. Picha zilirushwa juu ya kiwambo kirefu mno, na waigizaji wakapita katikati ya projekta na kiwambo wakiwa wamejitwisha vitu, hata vivuli vyao vikawa msafara mkubwa kuliko miili. Barakoa hapo haikuchorwa na kompyuta. Ilikuwa ni mwili wa mtu uliosimama katika njia ya nuru na kuizuia. Palipo giza pana mtu.

Vita hivyo vilikanyaga mabonde ya Ruvuma. Mwezi Aprili mwaka 1916 Wareno waliitwaa Kionga, pembe ya nchi iliyo kusini ya mlango wa mto, ambayo Wajerumani walikuwa wameishika tangu 1894. Mwezi Novemba mwaka 1917 majeshi ya Lettow-Vorbeck yaliuvuka mto kuingia Msumbiji, na nyuma ya kila bunduki walikuwapo watu wenye mizigo vichwani. Mamia ya maelfu ya watu wa Afrika Mashariki walitwishwa katika vita vile, na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na njaa na maradhi kuliko risasi. Hawana mnara pale mtoni. Kama iko kazi ya nuru ambayo nchi hiyo inaidai, bila shaka ni yao. Na kama iko namna ya kuwaonyesha bila kuwabunia nyuso ambazo hakuna aliyezihifadhi, ni hii ya kuwaacha wawe giza lenye umbo.

Na katika nchi hiyo hiyo wako mabingwa wa giza lenye umbo. Kwa Wamakonde wa upande wa Tanzania ngoma ya vinyago hujulikana zaidi kwa jina la midimu. Kwa wale wa ng'ambo, Msumbiji, huitwa mapiko. Lipiko ni kinyago cha kuvaliwa kichwani kama kofia nzima, kilichochongwa katika mti mwepesi, mara nyingi kikabandikwa nywele za kweli na kutiwa chale za nta. Hutoka katika siku za jando. Mambo yake mengine ni mali ya jando, wala hayana kazi katika kurasa za jarida. Yale yaonekanayo uwanjani yatosha kumfunza msanii wa nuru, na ni mambo manne.

Jambo la kwanza ni ukingo. Pale mti unapoishia shingoni, nguo huanza, na nguo hufunika mwili hadi vidoleni. Ngozi ikionekana, hata kidogo, ngoma imevunjika, kwa kuwa aliyekuwa kiumbe wa ng'ambo ya kaburi amegeuka kuwa fulani wa fulani. Ndilo lile lile tatizo la mstatili wa majivu. La pili ni jicho: mchezaji wa lipiko huona kwa kupitia mdomo wa kinyago. Anaona kidogo, na udogo huo humfanya aujue uwanja kwa miguu na kwa sikio. Fundi wa nuru naye hana budi kulijua jengo kwa mkono kabla ya kulichora: aguse chokaa, aone palipoota ukungu na palipobomoka, kwa sababu chokaa nyeupe huirudisha nuru na jiwe lililoingia weusi huimeza. La tatu ni wakati. Kinyago kina msimu, na msimu ukiisha hufichwa. La nne ni mwenyewe. Hakuna kinyago cha mtu yeyote tu. Wako wanaokichonga, wanaokitunza, na wanaoamua kitoke lini.

Kinachotokea mambo hayo manne yakivunjwa kinajulikana. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yalivunjwa na vitu kadhaa vikaibwa, kikiwamo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kilinunuliwa Paris na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 ilifahamika kwamba ndicho kile kilichoibwa. Ilichukua miaka mingine 20 ya barua na mazungumzo, hata mwezi Mei mwaka 2010 kikarejeshwa Tanzania. Muda wote huo kinyago kilikuwa na thamani ya fedha na uzuri wa kutazamwa, lakini hakikuwa na nguo, ngoma, msimu wala mwenyewe. Chumba cha maonyesho nacho ni barakoa, barakoa iliyochorwa vibaya: imeacha uso pekee katika nuru na kutia weusi kila kilichoufanya uso huo uwe na maana.

Sasa na itazamwe Mikindani. Mji huo wa mawe na chokaa, ulio kando ya ghuba kaskazini ya Mtwara, una sifa zote ambazo mvisha nuru angezitamani: nyumba zilizosogeana, milango ya nakshi, roshani, na juu ya kilima Boma jeupe lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, ambalo baadaye lilikarabatiwa na kufanywa hoteli. Chini yake kuna jengo linaloitwa Soko la Watumwa. Iko pia nyumba inayotajwa kuwa David Livingstone alikaa, kwa kuwa ni kweli alipita hapo mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Kutajwa si kuthibitishwa. Maneno ya namna hiyo tayari ni picha iliyorushwa juu ya ukuta, na jina kubwa la mgeni mmoja limemulika mlango ambao mamia ya wenyeji waliupita bila kuandikwa.

Atakayepewa Boma hilo alivishe nuru atakuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kulifunika lote, na watu watapiga makofi. Ya pili ni kuuliza, kabla ya kuvuta mstari wa kwanza, ni sehemu ipi ya ukuta huu isiyo haki yake kuipaka rangi. Pengine atawasha madirisha pekee na kuuacha mnara gizani, kwa kuwa mnara ulijengwa ili kuwatazama watu. Pengine atawasha viungo vya mawe, ili ionekane kwamba kuna mikono iliyoyapanga. Hakuna jibu moja. Ila yuko msanii aliyeuliza na yuko ambaye hakuuliza, na tofauti yao huonekana ukutani.

Yako masikitiko ya haki yanayoweza kutolewa hapa. Mtu wa Mtwara anaweza kusema kwamba mji wake umenyimwa furaha nyingi, na kwamba kuja kumtolea mawaidha ya giza ni dharau. Wacha na kwake kung'ae. Neno hilo lina uzito. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na kwa miaka sasa ndiyo iliyouwashia mji taa. Mwaka 2013 mji huo ulishuhudia ghasia na vifo kwa ajili ya bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam, bomba lililozinduliwa mwaka 2015. Huko, swali la nani amulikwe na nani abaki gizani lilikwisha kuulizwa barabarani kabla ya msanii yeyote kuja na projekta. Lakini sababu hiyo inaitia nguvu hoja hii. Watu walioipigania nuru yao wanastahili kuishika wenyewe kalamu inayochora mpaka wake. Methali husema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Na waliozoea kuchongewa na wengine wanajua kutishwa kukoje. Lau kazi hiyo itafika, ianze kwa wenyeji kukaa mbele ya ukuta na kusema: hapa pawashwe, hapa paachwe, hapa palikuwa na nyumba ya bibi yetu.

Vifaa si kizuizi kikubwa kama zamani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kaskazini zaidi katika pwani hiyo hiyo, yamekwisha kupimwa kwa miale ya leza na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na umbo lake limo katika kompyuta hadi pembe za matao yake. Programu za kuchorea barakoa zipo, nyingine za bure. Kinachokosekana ni adabu ya kazi, na adabu hiyo haipakuliwi kutoka kwenye intaneti.

Mwisho kuna mlango wa mto wenyewe, ambako kuta huisha. Kutoka Msimbati hadi Ruvuma ni mikoko, mchanga, nyumba za miti na makuti, na tangu mwaka 2000 eneo hilo limo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Makuti hayapokei picha. Nuru huingia ndani ya majani na kupotea. Huko pia kasa hupanda ufukweni usiku kutaga. Watoto wa kasa wakianguliwa hutafuta upande wenye mwanga zaidi, ambao tangu zamani ulikuwa upeo wa bahari, na kuufuata. Ikiwapo nuru nyingine nyuma yao, huigeukia hiyo, wakatambaa kuelekea nchi kavu hadi jua liwakute.

Katika ufukwe huo barakoa iliyo sahihi ni nyeusi yote. Msanii mwenye adabu ataichora hivyo, ataiweka mbele ya lenzi, na hiyo itakuwa kazi iliyokamilika. Watazamaji wake watakuwa wameshuka majini kabla ya alfajiri.